Mshika Neno

Siku tuliyomzika mjukuu wetu, mke wangu alionja maharage ya msiba akasema chumvi imezidi.

Hilo peke yake si kosa. Sigrada ndiye mpishi mkuu wa shughuli zote za mtaa wetu hapa Songea, za harusi na za misiba, na akina mama waliokuwa jikoni walifurahi kumwona amesimama tena kwenye moshi wa kuni. Kuni bado tunazitumia msibani, ingawa majumbani moto wa kuni umeshasahaulika. Mwaka juzi wanawake haohao walikuwa wanapokezana kumgeuza kitandani. Saratani ya mapafu ilikuwa imemkausha akabaki macho na meno. Sasa kanenepa, pumzi imerudi, na vipele vya dawa usoni vimebaki madoadoa tu. Walisema Mungu mkubwa. Mimi pia nilisema.

Kosa lilikuja baadaye kidogo. Pina, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, nguo imelowa kifuani kwa maziwa ambayo hayana tena wa kuyanyonya. Sigrada akaingia na ufagio, akamgusa mguu.

"Pina, sogea kidogo nifagie hapo," alisema. "Na hiyo kanga kabadilishe, inanuka maziwa. Utazaa mwingine, kwani wewe una umri gani?"

Wanawake wawili watatu walicheka, kwa sababu wanaujua mdomo wake. Kisha wakageuka kumtazama Kihwele, wasikie atamjibu nini. Kihwele ni muuguzi wa zahanati ya kata yetu, Mhehe wa Iringa, na sisi ni Wangoni. Wahenga wetu walichinjana, wajukuu tukabaki kutaniana. Akija msibani kwetu ana haki ya kujilaza kaburini mpaka apewe chochote, ana haki ya kumwiga marehemu anavyotembea, na hakuna wa kumnunia. Ila kwa maiti ya mtoto mchanga hata mtani hunyamaza, na siku ile Kihwele alikuwa kimya tangu asubuhi.

Hakumjibu Sigrada. Aliweka sahani yake chini, ugali haujaguswa, akanifuata nje chini ya turubai.

"Mtani," aliniuliza, "mara ya mwisho umemwona lini Mama Pina analia?"

Nilitafuta kichwani. Nilitafuta kwenye taarifa ya kifo, usiku ule Pina alipopiga simu hawezi kutamka neno. Nilitafuta hospitali, nilitafuta makaburini. Mke wangu alikuwepo kote huko, amebeba thermosi ya chai, anagawa vikombe, na mimi nilikuwa namwonea fahari jinsi alivyojikaza.

"Sikumbuki," nilisema.

Kihwele akakaa chini kwenye udongo, mtu mzima na sare yake nyeupe.

*

Kihwele ndiye aliyetuingiza kwenye dawa hiyo, na sina la kumlaumu, maana bila yeye ningekuwa mgane zamani. Wakati huo mashine ya kufuma dawa ilikuwa ndiyo kwanza imefika zahanati za kata. Walimtoa Sigrada punje ya uvimbe, wakaisoma, mashine ikafuma dawa ya uvimbe ule na si mwingine. Kisha wakakifundisha chungu namna ya kuipika. Chungu ni jina letu sisi. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe, wanakipanda chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, na kinakaa hapo kinachemsha dawa kidogo kidogo maisha yako yote, kwa malighafi ya damu yako mwenyewe.

Siku ya kutueleza, Kihwele alifunga mlango na kuzima simu.

"Dawa za zamani zilikuwa ni kuchoma shamba zima kwa ajili ya panya," alisema. "Nywele, mate, damu, vyote vinaungua. Hii ni mbwa wa kuwinda. Seli za saratani yako zimeota protini fulani kwa juu, ndiyo inayoziamrisha ziongezeke bila kupumzika. Tumemnusisha mbwa hiyo protini. Akiikuta anaikaba, seli inakosa amri, inalala."

"Yaani unaniwekea mbwa mwilini, wewe Mhehe mla mbwa?" Sigrada alisema. Wakati huo hata kumaliza sentensi ilikuwa kazi. "Siku ukishikwa na njaa si utanipasua kifua umfuate?"

Kihwele alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa ulivyokonda, mtani, mbwa mwenyewe ndiye atakayekufa njaa."

Nilicheka na mimi. Kisha Kihwele akavaa miwani.

"Sasa nisikilizeni. Tabu ya mbwa ni kwamba harufu ile haipo kwenye saratani tu. Ngozi inayo kidogo, kwa hiyo utatoka vipele na kucha zitapasuka. Utumbo unao, kwa hiyo utaharisha, na mdomo utafanya vidonda. Hayo tuna dawa zake, na yakizidi tunapunguza moto wa chungu. La kuogopa ni jingine. Kuna sehemu ndogo ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayofanya maumivu ya mwenzako yakuume wewe. Nazo seli zake zina harufu hiyo. Kwa wagonjwa wengi mbwa hafiki huko. Kwa wachache anafika, polepole. Hawaumwi chochote. Wanakula, wanalala, akili timamu, kazi wanafanya. Ila hawamlilii mtu."

"Nani, hata mtoto?" Sigrada aliuliza.

"Hata mtoto. Tukigundua mapema tunapunguza moto, seli zinaota upya. Tukichelewa, zinaota chache, au hazioti."

Sigrada akanyoosha mkono akanishika. Kihwele akatueleza sheria. Waliopatwa na hali hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba chungu chake kizimwe, kwa sababu haoni alichopoteza. Kwa hiyo kila anayepandiwa chungu anamteua mshika neno kabla ya dawa kuanza. Huyo akiweka kiganja juu ya chungu na kutamka neno walilochagua, chungu kinazimika na hakiwaki tena. Sheria inamsikiliza mgonjwa wa kabla ya dawa. Wa baadaye hasikilizwi.

"Ditram ndiye mshika neno wangu," alisema mke wangu. "Na neno ni *epua*, nimelisema jikoni maisha yangu yote. Sikia, Ditram. Nikifika mahali mwanangu analia na mimi nasikia kelele tu, zima. Usije kuniuliza. Nitakukatalia, kwa hiyo usiniulize. Apa."

Niliapa, mbele ya Kihwele, nimemshika mkono ambao ulikuwa mifupa mitupu. Niliapa haraka, kama mtu anayekubali kulipa mbingu na dunia alimradi gari liwake lifike hospitali.

*

Baada ya mazishi Kihwele alimpeleka Sigrada kwenye kipimo cha kichwa. Kisha akaniita peke yangu. Alionekana hajalala.

Waliotengeneza dawa walileta na maswali ya kumuuliza mgonjwa kila mwezi, ili hiyo hali ikianza ionekane mapema. Maswali yenyewe yalitungwa mbali. *Mwanao akifa leo, utajisikiaje?* Mwulize hivyo mama wa Kingoni, mkavu mkavu, uso kwa uso. Ni uchuro. Wauguzi waliojaribu walifukuzwa, mmoja alimwagiwa maji ya vyombo. Ndipo wakubwa wa mkoa wakapata akili ya kuwatumia watani. Mtani anaweza kukuuliza lolote, hata kifo cha mwanao, na hutamfukuza. Wakapangwa Wahehe kuwauliza Wangoni, na kila kabila na mtani wake. Mikoa mingine ilikuja kujifunza, ikapigwa picha. Mimi mwenyewe niliona ni jambo la maana sana.

Kwa hiyo kila mwezi Kihwele alikuwa anakuja nyumbani, anakunywa chai, anauliza, "Mtani, Pina akifa leo utafanyaje?" Na Sigrada anajibu, "Nitauza vyombo vyake ninunue mbuzi, na nyie Wahehe hamtapata hata kwato." Wanacheka, wanapigana viganja. Kihwele anarekodi sauti na kuingiza majibu kwenye kioo chake cha kazi: mgonjwa mchangamfu, moyo upo.

"Jana nimekaa nikasikiliza sauti zote tangu aanze dawa," aliniambia. "Mwaka wa kwanza kila mwezi alikuwa na jibu jipya. Mara kwato, mara atanizika mimi kwanza, mara atanipa jeneza nikalalie. Halafu kuna mwezi akarudia kwato. Ukafuata mwezi mwingine, kwato. Tangu hapo ni kwato mpaka leo, maneno yaleyale na kicheko kilekile. Na mimi nacheka, Ditram. Nilimuuliza kwa utani, akanijibu kwa utani, nikaona ni yeye. Kumbe ni mdomo tu umezoea."

Alinionyesha picha ya ubongo. Sikuhitaji kuwa daktari. Palipotakiwa kuwa na rangi palikuwa na kivuli.

"Tupunguze moto," nilisema.

"Tumechelewa. Kupunguza hakutoshi. Ukizima kabisa, huenda robo ikarudi, huenda zaidi, siwezi kukudanganya. Lakini saratani haijafa, mtani. Imekabwa tu. Ukizima inaamka, na ikiamka mara ya pili hakuna mashine itakayoifumia dawa. Atapata miezi. Na huo moyo ukirudi, utarudi na kila kitu. Mjukuu. Yale aliyomwambia Pina kwenye mkeka. Na kifua kimebana."

"Kwa hiyo namrudishia moyo ili umuume mpaka afe."

"Ndiyo," alisema Kihwele. "Ndicho alichokuomba."

Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na namshukuru kwa hilo. Alipotaka kunipa mkono wa kwaheri alishindwa, akajifuta macho kwa mkono wa sare, akaniambia nitoke.

*

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga. Nimezima mashine maisha yangu yote. Mashine haikuulizi kwa nini, na haikuangalii usoni. Nilikuwa nimefungua mota moja mezani, karakana nzima inanuka grisi, Pina alipoingia na kusimama karibu na jiwe la kusagia. Alikuwa amepungua. Bado alikuwa amejifunga kanga ya msiba.

"Kihwele ameniambia, baba," alisema. "Zima."

"Mama yako ni mzima, Pina. Jana amebeba debe la maji kutoka bombani hadi jikoni bila kupumzika. Unakumbuka alivyokuwa?"

"Nakumbuka. Alikuwa hawezi kunyanyua kikombe, na nilipofeli mtihani alilia kuliko mimi." Alipitisha kidole kwenye vumbi la unga. "Juzi nilikwenda nikamlalia mapajani. Nilitaka anishike tu. Akaniacha nilie, akiwa anachambua mchele juu ya mgongo wangu. Halafu akaniuliza kama nimemaliza."

Nilichukua spana nikaiweka chini tena.

"Hana ubaya," nilisema. "Hakukusudia."

"Najua hana ubaya. Angekuwa na ubaya ningegombana naye. Mama alikuapisha, baba. Aliliona hili likija, akakuchagua wewe ulizuie. Yule wa nyumbani anaishi kwenye mwili wa mama na wewe unampelekea chai."

"Nikizima utamzika."

"Nitamzika akiwa mama yangu," alisema Pina. "Mtoto wangu sikumzika na mama. Nilimzika na mgawa vikombe. Angalau yeye nimzike akinijua."

Akasema atakuja nyumbani Jumamosi jioni, na asingependa kuikuta hali kama ilivyo. Alipotoka nilijaribu kuirudisha mota, boliti zikawa zinaniponyoka. Nilimchukia kwa dakika chache, mwanangu mwenyewe mwenye msiba. Kisha nikajua ninayemchukia ni mimi, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli na sikutaka kukifanya.

*

Jumamosi asubuhi nilimkuta Sigrada uani juani, beseni la viazi katikati ya miguu, anamenya. Maganda yalikuwa yanatoka membamba bila kukatika. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake.

Aliniambia nisimuulize. Nilimuuliza.

"Unakumbuka ulichoniapisha?"

"Nakumbuka vizuri tu," alisema. "Ulikuwa umevaa shati la bluu lenye kola iliyochanika. Nilisema nikifika mahali mwanangu analia na mimi nasikia kelele, uzime."

"Na umefika?"

Alifikiri. Akiulizwa waziwazi siku hizi hadanganyi. "Nimefika. Kihwele alinionyesha picha, lakini mimi nilijua kabla. Nilikuwa natengeneza kile kicheko ili mkae kwa amani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungezima."

Kiazi kikaingia kwenye beseni, akachukua kingine. Nilimwambia Pina anaumia, Pina anamtaka mama yake.

"Naona," alisema. "Naona anaumia kama mtu anavyoona mvua inanyesha kwa jirani. Sifurahi. Silowi tu. Ditram, yule mwanamke aliyekuapisha alikuwa anaogopa kitu ambacho hakiumi. Ningekuwa na njia ya kurudi kumwambia ningemwambia. Asubuhi naamka nina njaa. Nikivuta pumzi inaingia mpaka chini. Wewe hujui raha ya pumzi kwa sababu hujawahi kuikosa. Sitaki kufa. Hilo halijapungua hata kidogo."

"Ulisema utanikatalia."

"Nilijijua."

Nikanyoosha mkono nikaweka kiganja chini ya mtulinga wake. Chungu kilikuwa na joto kidogo, kikatetemeka kilipoutambua mkono wangu, kikatulia kusubiri neno. Chini yake moyo ulikuwa unapiga taratibu, bila wasiwasi wowote. Wangu ulikuwa unanipasua. Hakuusukuma mkono. Aliweka kisu chini, akanitazama kwa macho yaleyale niliyoyaoa.

"Ukisema, sitapiga kelele," alisema. "Ila sitaki."

Neno lilikuwa mdomoni. Silabi tatu, neno la jikoni ambalo mtoto wa miaka miwili analiweza. Nilimfikiria yule wa kwanza, mwenye mkono wa mifupa mitupu, aliyeniamini. Nikaona kwamba nikilisema yeye atarudi, kiasi, aamke kifua kimebana, aanze kumlilia mjukuu kwa mara ya kwanza, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake namshika mguu. Ndivyo alivyotaka. Nami nikaona shavu la huyu aliye mbele yangu, limejaa, lina damu, jua limelipiga. Nimeomba usiku mwingi nilione shavu hilo.

Niliondoa mkono.

Ilinijia furaha, nitasema ukweli, furaha ya aibu, kama ya mtu aliyeokota kitu cha mwenzake akanyamaza. Atakuwepo kesho. Nitasikia sufuria zikigongana asubuhi. Halafu furaha ile ikaisha hapohapo nilipokaa, kwa sababu nilimkumbuka Pina na kanga yake.

"Asante," alisema Sigrada, akachukua kisu.

Sijui kwa nini niliendelea kuongea. Labda nilitaka anipe kitu chochote cha kushika.

"Ingekuwa mimi, Mama Pina? Chungu kiko kwangu, nimekuwa hivyo, na wewe ndiye mshika neno?"

"Ningezima."

Hakungoja hata kidogo.

"Hata kama nimekuomba usizime?"

"Wa pili ndiye angeomba. Mimi ningekuwa nimemwapia wa kwanza." Alinitazama kama ananishangaa kidogo. "Uliniomba, nikaapa. Kuna nini tena hapo cha kufikiri? Ningeweka mkono, ningesema, halafu ningekuuguza mpaka mwisho. Nisingekuacha uchafuke."

"Na baadaye ungeishije?"

"Vizuri tu," alisema.

Nilimwamini. Huyu asiyenipenda angenitimizia kila nilichoomba, mpaka neno la mwisho. Mimi niliyempenda tangu tukiwa vijana nimekiacha kiapo chake kikining'inia shingoni, nimemwacha mwanetu bila mama, kwa sababu ya shavu. Jioni Pina atafika. Atatazama jikoni, atamwona mtu anatia chumvi, na mimi sina hata sentensi moja ya kumwambia.

Nikachukua kisu kingine, nikavuta kigoda karibu, nikaanza kumenya. Viazi sikuviona vizuri. Nilikuwa nalia, kwa sauti, mwanaume mzima uani mwangu mchana kweupe, sijali majirani. Sigrada alinisikiliza kidogo. Kisha akalivuta beseni upande wake, machozi yasiingie kwenye viazi.